Uganda: Anayekaa kwa haki na anayekaa kwa ruhusa

Katika migogoro ya ardhi inayofikishwa mahakamani nchini Uganda, hasa katika eneo la Buganda, haitoshi kuuliza hati imeandikwa jina la nani. Swali zito zaidi ni hili: yule anayeishi pale anaishi kwa msingi gani? Jibu lake ndilo linaloamua iwapo familia itaendelea kulima kibanja chake au itafunga virago. Kwa wasikilizaji wetu wenye ndugu au shughuli ng'ambo ya mpaka wa Gatuna, ni jambo la kulielewa mapema, kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.

Mizizi ya mwaka 1900

Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Uingereza na Ufalme wa Buganda uliwagawia Kabaka, machifu na watu wengine wenye vyeo ardhi iliyoitwa mailo. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo wakajikuta wako kwenye shamba la mtu mwingine. Sheria ya mwaka 1928 iliwapa afueni kwa kuweka kikomo cha ada waliyotozwa, ijulikanayo kama busuulu. Amri ya mwaka 1975 ikaipunguza kinga hiyo, na Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha.

Kufuatia Katiba hiyo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ilitambua makundi mawili yenye kinga. La kwanza ni wakaaji halali, wakiwemo walioingia kwa ridhaa ya mwenye ardhi kwa kufuata sheria na desturi za zamani. La pili ni wakaaji wa nia njema, yaani waliokuwa wameishi na kuiendeleza ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza kutumika, bila mwenye hati kuwapinga. Aliyerithi au kununua haki ya mkaaji wa namna hiyo naye hulindwa.

Marekebisho ya mwaka 2010 yaliongeza uzito. Mkaaji wa makundi hayo haondolewi ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu: kutolipa busuulu. Hata amri ikitoka, hupewa muda usiopungua miezi sita kabla ya kuhama.

Mstari mmoja wenye makali

Lakini sheria hiyo hiyo inasema wazi kwamba mtu anayekaa juu ya ardhi kwa ruhusa tu ya mwenye hati hahesabiwi kuwa mkaaji halali wala wa nia njema. Katika urithi wa sheria za Kiingereza, ruhusa ya namna hii haimpi mtu fungu lolote katika ardhi yenyewe. Kazi yake ni kumwondolea lawama ya kuingia pasipo haki. Mlinzi wa shamba, mfanyakazi aliyepewa chumba na jamaa aliyekaribishwa kwa muda wote huweza kuangukia hapa.

Ndipo linapojitokeza jambo la kushangaza. Aliyepiga hodi na kukaribishwa kwa muda anaweza kuwa na kinga ndogo kuliko aliyejenga bila kuuliza, akaachwa kwa miaka 12. Sheria ina sababu yake: aombaye ruhusa amekwisha kukiri kwamba ardhi ni ya mwingine na kwamba ukaazi wake una mwisho. Hata hivyo, kwa mkulima asiyesoma hati, sababu hiyo haionekani. Karatasi isemayo «nimeruhusiwa kukaa hapa» inaweza kugeuzwa ushahidi dhidi ya familia iliyoishi pale kwa vizazi vitatu.

Hii haina maana kwamba aliyeruhusiwa hana chochote. Kwa kanuni za jumla, anastahili taarifa na muda wa kutosha wa kuondoka. Tena, ikiwa mwenye ardhi alimwahidi makazi, naye akajenga kwa kutegemea ahadi hiyo, mahakama inaweza kumzuia mwenye ardhi asigeuke.

Vyumba vya kupanga

Kwa wanaopanga nyumba Kampala na miji mingine, sheria husika ni ya mwaka 2022 kuhusu wenye nyumba na wapangaji, inayomtaka mwenye nyumba apate amri ya mahakama kabla ya kumtoa mpangaji. Je, mwenye nyumba akiandika kwamba huyu si mpangaji bali ameruhusiwa tu?

Mahakama ya juu ya Uingereza ilijibu swali kama hilo mwaka 1985 katika kesi ya Street dhidi ya Mountford. Mtu aliyepewa chumba akikalie peke yake, kwa muda maalumu na kwa kodi, ni mpangaji, hata kama mkataba unamwita jina jingine. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Uganda, ila una uzito wa kushawishi. Ukimwita mbuzi kondoo, hatatoa sufi.

Muda unakwenda

Kwa hiyo, ushahidi ndio ngao. Stakabadhi za busuulu, barua za kijiji na majirani waliokuwepo tangu zamani vina thamani kubwa. Raia wa kigeni wakumbuke pia kwamba sheria ya Uganda haiwaruhusu kumiliki ardhi ya mailo; wao huishia kwenye ukodishaji wa muda maalumu.

Anayedai nia njema kwa kigezo cha miaka 12 sharti aonyeshe kwamba yeye, au aliyemwachia kibanja, alikuwepo tangu 1983 au kabla. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa amevuka miaka 40, na wazee walioshuhudia nani alijenga wapi wanazidi kupungua. Familia isiyoandika ushuhuda wao leo huenda kesho ikakosa wa kuisemea mbele ya hakimu.