Mazutu ya wakati wa mvua si mazutu ya kiangazi

Kila mwaka, mvua ikisha kuzoea kunyesha, maneno ni yale yale katika mikutano ya kooperativi zetu. Kesiye anasimama na fakitire mukononi. Mwezi wa Saba kamiyo ilienda na kurudi kwa lita, tuseme, 40. Sasa tuko mwezi wa Kumi na Moja, shofere anaomba 65, na njia haikurefuka hata metre moja. Watu wote wanageuza macho kwa shofere. Ameuza mazutu njiani, nani asiyejua?

Sisi tunaotembea na kooperativi hizi, kutoka uwanda wa Ruzizi mpaka milima ya Walungu na Kabare, tumesikia kesi hiyo mara mingi. Hatusemi kwamba hakuna shofere mwizi. Wako. Lakini tunasema hivi: kooperativi inayopima mazutu kwa kipimo kimoja mwaka mzima haiwezi kumjua mwizi. Inaweza kumfukuza shofere mwema mwezi wa Kumi na Moja na kumsifu mwizi mwezi wa Saba, kwa sababu mwezi wa Saba njia ni kavu na nafasi ya kuiba ni kubwa bila mtu kuona. Na mwenye kulipa hayo yote ni mkulima, maana mazutu inakatwa katika bei ya gunia kabla feza haijafika nyumbani.

Mutauliza agronome anajua nini juu ya moteri. Kweli, kwenye taasisi tulifundishwa udongo, si makanika. Lakini hapa shida ni udongo. Ule udongo mwekundu unaoshika jembe wakati wa kulima mvua ikiisha kunyesha, njo ule ule unaoshika pine. Ukiwa mkavu, umeshikana na unabeba. Ukishiba maji, unalegea, pine inazama, na kila hatua moteri inapasua shimo jipya mbele yake. Kila mtu aliyesukuma burweti ya matofali anaelewa jambo hili bila kitabu.

Wahandisi wanalipima. Kwenye lami nzuri, nguvu ya kusukuma gari mbele ni kama sehemu 1 kwa 100 ya uzito wake. Kwenye njia ya udongo mkavu ulioshikana ni 2 ama 3 kwa 100. Kwenye potopoto laini ni 10 kwa 100, na mara zingine zaidi. Tuchukue kamiyo ya tani 10, chuma na mzigo pamoja. Kwenye lami moteri inavuta kama mtu anayevuta kilo 100. Kwenye potopoto inavuta tani nzima. Lita moja ya mazutu iko na nguvu mingi ndani, lakini moteri inageuza karibu theluthi tu kuwa kazi, na zingine zinapotea kwa joto na moshi. Ukipiga hesabu, kilometa 10 za lami zinaomba chini ya lita 1 kwa kuvuta tu. Kilometa 10 za potopoto zinaomba kama lita 8. Na hapo hatujahesabu pine inayozunguka bure mahali pamoja, ambapo mazutu inaungua na kilometa ni sifuri.

Watu wa kwetu wanaogopa mlima kuliko potopoto. Tulinganishe. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya bahari, Ziwa Kivu karibu metre 1460. Kuinua ile kamiyo ya tani 10 kutoka ziwa moja mpaka lingine, kwa uchache, ni kama lita 5 na nusu za mazutu kwa ule upandaji peke yake. Kilometa 7 za potopoto zinakula sawasawa. Mlima wa Ngomo unaonekana, kila mtu anauhesabu wakati wa kupatana bei. Zile kilometa 7 za kutoka depo ya kijiji mpaka njia kubwa hakuna anayezihesabu, na njo hapo feza inaishia.

Juu ya mlima tuseme tena jambo moja, kwa sababu linaua watu. Kooperativi ikimpa shofere kiasi kimoja cha mazutu na kumwambia kinachopungua atalipa mwenyewe, atatafuta pa kupunguza, na atapunguza kwenye mtelemko. Anatoa vitesi, ama anazima moteri kabisa, na kuacha gari liteleme. Anafikiri anachunga mazutu. Kumbe gari likiwa ndani ya vitesi na mguu umetoka kwenye aseleratere, pompu inakata mazutu kwa sababu magurudumu njo yanazungusha moteri. Gari likitolewa vitesi, moteri inabaki inakunywa kidogo kidogo ili isizimike. Kwa hiyo mwenye kutoa vitesi anatumia zaidi, na mzigo wote unabaki juu ya freni, ambazo zinapata moto na kukosa kushika. Mwenye kuzima moteri kweli hatumii kitu, lakini msaada wa freni unaisha baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito. Komite inayokata shofere mshahara juu ya lita tatu, na gunia 80 ziko mugongoni kwake na wamama wamekaa juu ya gunia, inafaa ijue inanunua nini na zile lita tatu.

Mambo mengine ya hali ya hewa ni madogo kwetu. Baridi: vitabu vya ng'ambo vinaisema sana. Wizara ya Nishati ya Marekani inaandika kwamba gari la esansi, mjini, linaenda karibu asilimia 15 kilometa chache kwa lita ile ile wakati baridi imefika nyuzi 7 chini ya sifuri kuliko kwenye nyuzi 25. Sisi hatuna theluji ya kusukuma. Asubuhi ya milimani moteri inachelewa kupata moto, basi, iendeshwe polepole dakika za kwanza. Upepo nao unasumbua magari yanayokimbia kilometa 90 kwa saa. Mutuonyeshe barabara ya kijiji ambapo kamiyo inakimbia 90.

Hewa ya milimani ni jambo lingine. Kwenye metre 1500 uzito wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani ya bahari. Moteri ya zamani isiyo na turbo inapata hewa kidogo, pompu inaendelea kuleta mazutu ile ile, na ile isiyoungua inatoka nyuma kama moshi mweusi. Kiangazi kinaongeza vumbi: filtri ya hewa ikijaa, ni kama kumziba mtu pua na kumwambia apande mlima na gunia. Kiangazi nacho kiko na deni lake. Filtri isafishwe kila juma wakati wa vumbi, na moshi mweusi usichukuliwe kama sura ya kawaida ya kamiyo.

Tufike kwenye jambo ambalo ni kazi yetu sisi wagronome, na ambalo wanachama wanaweza kugeuza bila kuomba mtu ruhusa: maji tunayopakia sisi wenyewe.

Gunia 100 za mahindi, kila moja kilo 100, zenye unyevu wa asilimia 20. Ni tani 10. Yale mahindi yakianikwa vizuri mpaka asilimia 13, yanabaki kama kilo 9200. Kilo 800 zilikuwa maji. Tunalipa kamiyo ivute kilo 800 za maji katika potopoto, wakati maji yanaanguka bure Bukavu kila siku. Muhogo ni zaidi: tani tatu ama zaidi za muhogo mbichi zinatoa tani moja ya muhogo mkavu. Kahawa ni zaidi tena, karibu kilo tano za matunda mekundu kwa kilo moja ya parche kavu. Kiwanda kidogo cha kuosha kahawa karibu na shamba kinaokoa mazutu kuliko shofere yeyote hodari.

Kuna wanachama wanaotujibu: maji nayo yanauzwa kwa kilo, mukitukaushia mahindi mutatupunguzia feza. Tunaelewa. Lakini mnunuzi wa mjini si mtoto, anaingiza mkono katika gunia, anauma punje moja, na bei inashuka kabla hujafungua kinywa. Na gunia la unyevu likilala siku tatu njiani chini ya bashi iliyotoboka, linafika na kuvu. Hapo hakuna kilo za kuuza.

Kukausha kunaleta faida ingine kubwa zaidi: kungojea. Mahindi makavu katika depo yenye mbao chini na hewa ya kutosha yanaweza kungoja. Mahindi mabichi hayangoji. Kwetu mvua inaanza mwezi wa Tisa na kwenda mpaka mwezi wa Tano, na katikati, kati ya mwezi wa Kwanza na wa Pili, inapumzika siku kadhaa. Mavuno ya sezoni A yanaangukia karibu na mapumziko hayo. Ya sezoni B yanaangukia mwanzo wa kiangazi. Mwenye kukausha na kupanga anaweza kusafirisha mzigo mkubwa katika madirisha hayo mawili. Mwenye kuuza kwa haraka mwezi wa Kumi na Mbili, kwa sababu feza ya shule inaomba, analipia potopoto yote. Hatuhukumu mtu juu ya feza ya shule. Lakini njo maana akiba ya kooperativi inafaa iweze kumkopesha mwanachama kiasi cha kungoja majuma matatu. Tunaona mkopo huo unafaa kuliko mkopo wa kununua kamiyo ya pili.

Na ikilazimu kusafiri wakati wa mvua, kungojea kwa masaa kunafaa pia. Bariere ya mvua iliwekwa juu ya sababu: njia ikiachwa saa chache baada ya mvua, maji yanatelemka katika mifereji na udongo unaanza kushika tena. Kamiyo inayopita kwa nguvu inalipa mazutu mara mbili leo, na inaacha mashimo ambayo wengine watalipia mwezi mzima. Tunajua kuna wanaotoa kitu kidogo ili bariere ifunguliwe. Hesabu ya juu inaonyesha kwamba mara mingi wanalipa ili wapate hasara. Wakati wa kungoja, moteri izimwe. Moteri ya kamiyo inayonguruma bila kutembea inakunywa lita 1 mpaka 3 kwa saa, kulingana na ukubwa wake.

Mapine: kwenye potopoto shofere anayepunguza pumzi kidogo hakosei, pine inapanuka na kuzama kidogo. Anakosea akifika kwenye lami na kuendelea vile vile, kwa kuwa hapo pine lege inavuta nyuma na kujichoma. Pompu ya mkono ndani ya gari si anasa. Vilevile mazutu ya bidoni ya kando ya njia wakati wa mvua: muache itulie, muangalie chini, maji yanakaa chini. Maji yakiingia katika pompu ya moteri, muache kuhesabu lita, muanze kuhesabu dola.

Kuhusu njia yenyewe, sheria ya 2008 iliunda FONER, na sehemu kubwa ya feza zake inatoka kwenye mafuta tunayonunua na kwenye peaje. Kwa hiyo kila lita tunayochoma katika potopoto imeshalipia njia. Viongozi wa kooperativi wako na haki ya kuuliza, kwa barua na kwa adabu, njia yao ya mashamba imepangwa lini. Lakini mfereji haungoji barua. Salongo ya siku mbili mwishoni mwa mwezi wa Nane, kufungua mifereji na kutoa maji katika sehemu tatu ama ine mbaya kabisa, inaweza kugeuza potopoto kuwa udongo unaobeba. Si kilometa zote 7 zilizo mbaya. Kila mara ni zile sehemu chache, na shofere anazijua moja moja. Aulizwe yeye, kabla ya kushitakiwa.

Basi tunapendekeza kipimo kiwe viwili: kimoja cha kiangazi, kingine cha mvua, kila kimoja kwa gari lenye mzigo na gari tupu. Kukipata si kazi ngumu. Jazeni tanki mpaka kinywani kabla ya safari. Likirudi, jazeni tena mpaka kinywani. Lita zilizoingia mara ya pili njo zile zilizotumiwa, hakuna la kubishana. Safari tatu za namna hiyo katika kila wakati zinatosha kuonyesha kipimo. Shofere akikipita mara moja, aulizwe njia ilikuwaje. Akikipita safari tatu mfululizo kwenye njia ile ile na shofere mwenzake hakupita, hapo mkutano uko na kesi ya kweli. Kooperativi zinazokodi gari zifanye vilevile katika kupatana: bei mbili zilizoandikwa, kwa sababu mwenye gari asiyejua hali ya njia yenu anaweka bei ya hofu mwaka mzima, na munalipa potopoto hata mwezi wa Saba.

Kaye moja na biki moja vinatosha. Mistari ya kila ukurasa: tarehe, jina la shofere, gunia ngapi na za nini, zimekauka ama hapana, lita, kilometa, mvua ilinyesha siku gani, masaa ya kungoja, mahali gari lilizama. Kesiye akae na kaye, shofere atie saini, na isomwe mbele ya wanachama kila mwezi. Safari ya kwanza ya mwezi wa Tisa iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza.