Muulizeni Anataka Nini, Si Kafunga Vipi Kilemba

Leo hatuna mtandio mpya wala michoro ya hina. Leo tuna la moyoni.

Kila picha ya Ilhan Omar ikipita kwenye makundi yetu ya wanawake, maswali ni yale yale. Kilemba kafunga vipi? Kitambaa gani hicho, Darajani kipo? Halafu linakuja la pili, na siku hizi linatoka hata kwa wanawake wenzetu: mke wa mtu anatafuta nini kwenye siasa? Katoka wapi, na kwa nini alikitaka kiti, haulizi mtu. Linatuudhi, na tunalisema wazi.

Katoka Mogadishu. Kazaliwa 1982, kitinda mimba wa watoto 7. Mama yake alifariki yeye bado mdogo mno, akalelewa na baba na babu. Vita vilipowakimbiza 1991 waliishia kambi ya Utange, hapo Mombasa, kwa ndugu zetu kabisa, wakakaa miaka 4. Mwaka 1995 wakapelekwa Marekani, na baadaye wakahamia Minneapolis. Babu alikuwa na hamu kubwa ya siasa na Kiingereza kidogo, kwa hivyo alimchukua mjukuu kwenye mikutano ya chama ya mtaani amfasirie. Binti wa miaka 14 hivi, kakaa pembeni ya mzee, anamnong'oneza. Siasa kaipata nyumbani, kwa mzee wake, hakuiokota barabarani.

Alipogombea alikuwa mama wa watoto 3, na kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi ya kufundisha familia mambo ya lishe. Alisema anagombea kwa sababu wahamiaji na vijana wa mtaa wake hawakuwa na wa kuwasemea. Mwaka 2016, kwenye kura za ndani ya chama, akamshinda bibi aliyekikalia kiti kile zaidi ya miaka 40. Mwaka 2018 yeye na Rashida Tlaib wakawa wanawake wa kwanza Waislamu kuchaguliwa Baraza la Wawakilishi la Marekani (jina sawa na letu la Chukwani). Kanuni ya tangu 1837 ilikataza kufunika kichwa ukumbini, ikabidi ibadilishwe Januari 2019. Basi kilemba mnachokiulizia bei ndicho hicho.

Hatusemi kila analolisema ni sawa. Mengine hatuyakubali hata kidogo. Lakini hayo ndiyo ya kubishania.

Turudi kwetu. Mwanamke wa Unguja au Pemba akichukua fomu, la kwanza ni: mume karidhia? Mwanamme hata siku moja hakuulizwa kama mkewe karidhia. Na si kugombea tu. Baada ya uchaguzi wa 2015 ziliripotiwa habari za wanawake wa hapa Zanzibar walioachwa kwa sababu ya kura. Talaka, jamani, kwa karatasi ya kura!

Wakibanwa wanasema dini. Dini ipi? Siku ya Hudaybiya masahaba waliposita kuchinja na kunyoa, aliyemshauri Mtume (s.a.w.) ni mkewe, Ummu Salama, na ushauri wake ukafuatwa. Khawla binti Thaalaba alipeleka malalamiko yake mwenyewe, ikateremka Surat al-Mujadila. Tunajua wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mwanamke kuongoza dola, na tunawaheshimu. Lakini diwani anayefuatilia bomba la maji na jaa la taka anaongoza dola gani?

Sasa nyinyi bibi harusi watarajiwa. Somo atakufundisheni udi, singo na namna ya kumpokea mume, na Mungu amlipe. Hili la kura hatakwambieni. Kwa hivyo posa ikija, kabla mahari hayajahesabiwa, kijana aulizwe mbele ya walii wako: nikimpigia kura nimtakaye utasema nini? Na siku moja nikichukua fomu? Ukitaka liwe sharti la ndoa, muulize sheikh unayemuamini namna ya kuliweka. Msikilize kijana anavyojibu, na umtazame na uso. Jibu lake mpelekee mama na shangazi kabla kadi hazijachapishwa.