WALIAMBIWA WAJITENGE



Jumatatu tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Noeli, basi la abiria lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa kwa risasi na kusimamishwa karibu na El Wak, katika nchi kavu iliyo mpakani mwa Kenya na Somalia. Ndani yake mlikuwa na abiria zaidi ya 60, wengi wao Waislamu, na pamoja nao Wakristo wachache waliotoka sehemu nyingine za nchi. Basi halikuwa na askari wa kulisindikiza. Watu wenye bunduki, wa kundi la Al-Shabaab, waliwaamuru abiria wajigawe: Waislamu wakae upande mmoja, Wakristo upande wa pili.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya amri hiyo. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa vivyo hivyo, abiria wakapimwa kwa maneno ya dini, na watu 28 wakauawa kando ya barabara, miongoni mwao walimu wengi waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 waliuawa huko Koromey kwa kutengwa hivyo hivyo. Na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Basi abiria wa El Wak walijua. Walijua kwamba atakayesogea upande ulio salama atabaki hai, atafika nyumbani, na hapana mahakama yo yote duniani itakayomshitaki kwa kusogea hatua tano.

Hawakusogea. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo mavazi yao ya kujifunika, ili wasitambulike. Abiria wakawaambia wenye bunduki kwamba wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Mandera, alikuwa mmoja wa waliokataa kujitenga, alipigwa risasi. Watu 2 waliuawa siku ile. Lakini yale mauaji makubwa yaliyokusudiwa hayakufanyika. Washambuliaji waliondoka, na basi zima la watu likabaki hai. Mwalimu Farah aliuguza jeraha lake karibu mwezi mzima, akafariki Nairobi tarehe 18 Januari 2016. Akiwa kitandani aliwaeleza waandishi wa habari kwamba yeye na Wakristo ni ndugu, na kwamba kilichowatofautisha ni dini tu.

Habari hizo zilienea duniani kote, hata ikatengenezwa filamu iitwayo Watu Wote, iliyotolewa mwaka 2017. Nasi katika makanisa yetu tulizisimulia kwa furaha. Hata hivyo, katika furaha hiyo palikuwa na jambo lisilopendeza, na afadhali tuliseme wazi. Tulishangaa. Tulisema, Tazama, hata Waislamu wamewaokoa Wakristo! Ndugu yangu, hilo neno “hata” limetoka wapi? Mtu akimwokoa jirani yake mtoni, hatusemi “hata jirani”. Mshangao wetu ulikuwa ungamo, ijapokuwa hatukwenda kitubioni: tulikuwa tumekwisha kuwagawa Wakenya katika mioyo yetu, tukashangaa kuona watu wasiogawanyika.

Tunapenda kuifananisha habari hii na mfano wa Msamaria Mwema. Mfano huo unafaa, lakini tusisahau kwamba Msamaria alifika wanyang'anyi wakiwa wamekwisha kwenda zao. Alitoa mafuta, divai, mnyama wake na fedha zake. Wale wa El Wak walisimama wanyang'anyi wakiwa bado wapo, wamewaelekezea bunduki, na kitu pekee walichokuwa nacho cha kutoa ni vipande vya nguo na maisha yao. Yupo pengine mwenye dhamiri nyepesi atakayeuliza kama ni halali Mkristo ajifiche ndani ya vazi la dini nyingine. Aende akawaulize watoto wa wale waliofunikwa.

Hebu tuitazame kwa makini ile amri ya kujitenga, kwa kuwa ndani yake mna siri ya uovu huu. Kwa nini mwenye bunduki asifyatue tu? Kwa sababu hajui nani ni nani. Anahitaji kusaidiwa. Anahitaji abiria wenyewe wamfanyie kazi ya kuchambua, mmoja kwa lafudhi yake, mwingine kwa jina lake, mwingine kwa sala aliyoikariri tangu utotoni. Kazi ya kuua huanza kwa utii wa wale watakaosalimika. Jambo hili si geni katika Maandiko Matakatifu: katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, Wagileadi waliteka vivuko vya Yordani, wakampima kila mpita njia kwa kumtamkisha neno moja tu, na aliyeshindwa kulitamka sawasawa akauawa. Walikuwa Waisraeli wote, hao wauaji na hao waliouawa.

Na katika nchi jirani zetu wapo watoto waliokwisha kuielewa siri hiyo kabla yetu. Mwaka 1997, tarehe 18 Machi, washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu mbali na Watutsi mbali. Wanafunzi walikataa, wakisema kwamba wao ni Wanyarwanda. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari ya 1994, na katika madarasa yale walikuwamo waliofiwa na wazazi. Tarehe 30 Aprili mwaka huo huo, katika Seminari Ndogo ya Buta, jimboni Bururi, Burundi, vijana walipewa amri ile ile, nao wakaikataa. Waseminari 40 waliuawa. Huko hapakuwa na basi lililoendelea na safari. Twayataja haya kwa sababu wapo wanaohubiri kana kwamba ujasiri ni dawa isiyoshindwa, ukisimama imara adui atakimbia. La. Wa Nyange na wa Buta walisimama imara, na wengi wakafa. Wa El Wak hawakuwa na ahadi yo yote kwamba wao watakuwa na bahati zaidi.

Sasa tuwageukie wenye mamlaka. Tarehe 31 Machi 2016 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akilihutubia Bunge, alimtunukia marehemu Mwalimu Farah nishani ya Taifa. Ilikuwa haki yake, nasi hatuna neno juu ya nishani. Neno letu ni juu ya yale yaliyofanywa na Serikali ile ile kabla ya nishani na baada yake. Mwezi Aprili 2014, baada ya milipuko katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, polisi waliendesha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakimbizi na raia pamoja, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mtu alichukuliwa kwa sura yake, kisha akatakiwa kuonyesha kipande ili athibitishe kwamba ni wa upande huu na si wa upande ule. Hatusemi kwamba askari wa Kasarani ni sawa na wauaji wa Mandera. Huo ungekuwa uongo, na Tume hii haiwezi kutetea haki kwa kusema uongo. Tunasema kwamba amri ya kujitenga ilitolewa kwanza mchana kweupe, kwa sare ya Serikali, na sisi wengine tuliokuwa upande ulio salama tulisogea bila kulalamika. Maaskofu, mapadre, wanakwaya, wenye maduka, wote. Ni wangapi kati yetu waliokwenda Kasarani?

Tena kuna barabara yenyewe. Sifa kwa abiria mashujaa zisifanywe kuwa pazia la kufunika kutokuwapo kwa ulinzi. Mwananchi hulipa kodi ili asilazimike kuwa shujaa kila anapokata tiketi ya basi. Tarehe 6 Desemba 2019, basi jingine lililokuwa likitoka Wajir kwenda Mandera lilisimamishwa katika eneo la Kotulo, abiria wakatengwa tena, na watu wasiopungua 8 wakauawa, wengi wao askari polisi waliokuwa wakisafiri humo. Miaka minne ilikuwa imepita tangu El Wak, na nchi ilikuwa imekwisha toa nishani, filamu ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na kusifiwa hadi Marekani, na hatari ilikuwa ingali njia ile ile.

Lakini tusijifiche nyuma ya makosa ya Serikali. Waliofunga barabara za Bonde la Ufa mwanzoni mwa mwaka 2008, wakawashusha abiria na kudai vitambulisho ili jina la mtu limtaje kabila lake, hawakuwa Al-Shabaab. Waliolichoma kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, siku ya Mwaka Mpya wa 2008, pamoja na wanawake na watoto waliokimbilia ndani, hawakutoka ng'ambo ya mpaka. Wengi katika siku zile, wa pande zote, walikuwa watu waliobatizwa, wanaojua Baba Yetu kwa moyo, na baadhi yao Jumapili iliyotangulia walikuwa wamepeana mkono wa amani na wale wale waliowafukuza. Walikuwapo pia waliowaficha jirani zao chini ya vitanda na ndani ya maghala ya mahindi. Hao hawakupewa nishani wala kutengenezewa filamu, na mara nyingi majirani wao wenyewe waliwaita wasaliti. Mtu wa kabila lako anapokuita msaliti kwa sababu umekataa kumtoa jirani, hapo ndipo mfano wa El Wak unapokuuma.

Limebaki jambo la walimu. Baada ya mauaji ya 2014 walimu wengi wasio wenyeji walikimbia Kaskazini Mashariki, wala hatuwezi kuwalaumu. Wenzao walikuwa wamezikwa. Mwezi Januari 2020, walimu 3 walipouawa huko Kamuthe, Garissa, Tume ya Kuajiri Walimu iliwaondoa walimu wasio wenyeji katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Uhai wa mwalimu lazima ulindwe. Hata hivyo, ni nani aliyekaa akahesabu hasara ya watoto wa Kiislamu wa Mandera, ambao baba zao na mama zao walikuwa ndani ya mabasi yale, na ambao walibaki na vyumba vya madarasa visivyo na mwalimu wa hisabati? Mwalimu Farah alipigwa risasi kwa kukataa kutengana na wageni. Miaka minne baadaye wageni hao waliondolewa kwa barua za uhamisho, na waliouawa na walioua wakawa wamefikishwa mahali wauaji walipopataka.

Tunaitaka Serikali iyafanye mambo mawili kwa pamoja, si moja badala ya jingine: iilinde njia ya Mandera, na iwarudishe walimu. Isituambie kwamba haliwezekani. Abiria wasio na silaha waliweza lile lililoonekana kuwa gumu zaidi.

Na katika mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo wa wiki hii, tunaomba mkiisha kusali msijadili habari za Mandera. Mandera ni mbali, na ni rahisi kuwa jasiri kwa ajili ya watu walio mbali. Jadilini kijiji chenu. Mwenye panga akibisha hodi usiku na kuuliza ni nyumba ipi inakaa wale wasio wa hapa, ataonyeshwa na nani? Kila mmoja aitafakari nyumba moja anayoijua, na watu wanaolala ndani yake kwa majina yao.