Lualaba: Mwanasheria wa kampuni anaitwa kwa kuchelewa

Kolwezi – Kampuni ya madini ikitaka kugawa kazi ya usafiri au ujenzi, mara nyingi mwanasheria wake anaona mkataba wakubwa wakiwa wamekwisha kupatana. Anaombwa muhuri tu. Kumbe sheria ya Februari 2017 inawekea kazi hizo makampuni yenye mtaji wa Wakongomani. Hapo majina ya kukopeshana yanaingia: Mkongomani kwenye karatasi, mgeni kwenye benki. Mwanasheria akigundua, atamwambiaje mkubwa anayemlipa mshahara?

Kwa vijiji ni kuzito zaidi. Sheria ya madini, iliyorekebishwa 2018, inadai kampuni itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji, na isaini nao ahadi zake, ile kaye de sharje. Inaandikwa Kifaransa; mama aliyepoteza shamba anasema Kiswahili. Mwanasheria anajua OHADA, ambayo Kongo iliingia 2012, lakini kuchungulia hesabu za mauzo, au kufafanua ibara mbele ya chifu na watu wake, ni ufundi mwingine. Kampuni zilipie mafunzo hayo, na mwanasheria akae mezani tangu mazungumzo ya kwanza.