Mjomba na Nepi

Miongoni mwa michezo ya kuchekesha ya televisheni iliyotoka Marekani ikazunguka nchi nyingi ni Full House, ulioanza kuonyeshwa Septemba 1987 na kumalizika mwaka 1995. Leo twaizungumza sehemu yake ya kwanza, kwani ndani ya kicheko chake mna jambo linalozihusu nyumba zetu.

Danny Tanner, mtangazaji wa michezo katika mji wa San Francisco, amefiwa na mkewe kwa ajali ya gari. Ameachiwa mabinti watatu: D.J. wa miaka 10, Stephanie wa miaka 5, na Michelle, ambaye hata mwaka hajautimiza. Bibi yao mzaa baba alikuja kusaidia, lakini naye ana kwake, na siku ya kurudi imewadia. Ndipo wanapohamia wanaume wawili: Joey, mchekeshaji, rafiki wa Danny tangu utotoni, na Jesse, kijana wa pikipiki na muziki, ambaye nywele zake humshughulisha kuliko kitu chochote. Danny anakwenda kazini, mtoto anachafua nepi, na vijana wawili wenye afya na nguvu wanatazamana kama waliotupiwa nyoka chumbani.

Kiingereza humwita Jesse kwa neno lile lile analoitwa ndugu wa baba. Lugha yetu haikubali uvivu huo. Jesse si ami, ni mjomba. Tukishamwita kwa jina lake la haki, mchezo hubadilika sura: huyu anayehangaika na nepi amemzika dada yake majuzi, na amekubali kulala katika chumba cha kitoto, chenye picha za sungura ukutani, kwa kuwa hawa ni watoto wa dada yake. Watunzi hawakulikalia sana jambo hilo, walikuwa na haraka ya kuchekesha. Sisi twaona hapo ndipo penye uzito.

Kwetu mtoto akifiwa na mama, wanawake hujitokeza hata kabla ya kuitwa: bibi, mama mdogo, shangazi, jirani. Ni neema, wala hatuidharau. Lakini bibi huzeeka, na mama mdogo ana watoto wake na zamu zake kazini. Mwishowe mzigo humwangukia binti mkubwa. Katika mchezo, D.J. anakasirika kwa kulazimishwa kulala chumba kimoja na mdogo wake, akahamia gereji. Hilo ni dogo. Wako mabinti wetu waliohamishwa kutoka darasani.

Tumewahi kusikia hoja kwamba kazi hii humpunguzia mwanamume haiba. Hatuioni haiba iliyomo katika kumwacha mtoto na mkojo wake hadi dada yake arudi shule.

Na mambo yenyewe si mengi. Mtoto mchanga hushikiliwa kichwa na shingo, kwani shingo yake haijakaza. Wa kike hufutwa kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usifike kwenye njia ya mkojo. Unapogeuka kuchukua nepi, mkono mmoja ubaki juu yake, kwa kuwa kuanguka kitandani ni jambo la kufumba na kufumbua. Akilia usiku kucha, asitikiswe kamwe, maana mtikiso huweza kumjeruhi ubongo. Aliyeelemewa na amlaze mahali salama, atoke nje dakika chache avute pumzi, kisha arudi. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka, hata kwa kulambishwa. Ama mtoto mchanga aliyekosa maziwa ya mama, asianzishiwe maziwa ya ng'ombe kwa kukisia. Apelekwe kliniki mapema waelekeze yanayomfaa na kipimo chake. Mjomba anaweza kumpeleka.