Nani Aliyemtoa Kijana Nyumbani?

Msomaji, bila shaka umepata kuisikia lawama hii barazani, au hata nyumbani kwenu: kwamba vijana ni wavivu, wamelitupa jembe kwa kupenda taa za mji. Lawama hii ni ya zamani, na ni tamu zaidi midomoni mwa watu waliokwisha kushiba. Nataka uikatae. Sisemi kwamba hapana vijana wavivu. Wapo, mjini na shamba pia. Nasema kwamba uvivu haujapata kuhamisha watu maelfu kwa maelfu. Mtu mvivu hukaa alipo.

Tazama jinsi safari hii ilivyoanza katika Kenya. Mwaka 1901 serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba. Vibanda ndivyo vilivyohesabiwa, si mapato. Mume wa wake watatu alidaiwa mara tatu. Mwaka 1910 ikafuata kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba, hata kapera naye asisalimike. Mtu aliyekosa soko la kuuzia nafaka au mbuzi wake alibakiwa na bidhaa moja tu, nayo ni nguvu za mikono yake. Alikwenda kuziuza mbali.

Ardhi nayo ilikuwa ikipungua. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, baadhi yao wakapelekwa Laikipia; mapatano ya mwaka 1911 yakawatoa Laikipia hiyo hiyo na kuwapeleka kusini. Mwaka 1915 sheria ikaruhusu walowezi kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Wewe uliyefundishwa hesabu, hesabu vizazi vilivyomo katika miaka hiyo! Watu wengi wa Kiambu walihamia mashamba ya walowezi, wakapewa mahali pa kulima na kulisha kwa sharti la kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilitaka kazi hiyo isipungue siku 180 kwa mwaka.

Kodi ilipoonekana haitoshi, mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka ulioagiza watawala wa wilaya, machifu na wazee wawahimize vijana watoke makwao wakafanye kazi. Majina ya machifu waliosaidia na ya wasiosaidia yalitakiwa yaandikwe. Nakuuliza, mtu akihimizwa na yule mwenye askari na jela, kuhimizwa huko kuna hiari gani? Na tangu miaka hiyo kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16, yaani umri ulio nao wewe au unaoukaribia, alitakiwa kuchukua kipande. Wengi walikining'iniza shingoni katika kikebe cha chuma, na bila sahihi ya bwana wake mtu hakuweza kuacha kazi kwa amani.

Sasa sikiliza kichekesho chenye uchungu. Kijana yule yule aliyesukumwa na kodi na waraka, alipofika Nairobi akakosa kazi, aliitwa mzururaji. Mwaka 1949 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mjini watu waliodaiwa kwamba wamekataa kazi kwa hiari yao. Mkono mmoja ulimvuta, mwingine ukamfukuza, na yote miwili ilikuwa ya serikali moja.

Huenda utauliza kwa nini wanaume walikwenda peke yao na kuwaacha wake zao kulima. Jibu limo katika mshahara. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika mjini ilikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia. Chakula cha watoto kiliachiwa jembe la mama. Ndiyo maana babu zetu walikwenda na kurudi, wakaenda tena. Si kwamba walikuwa watu wasiotulia.

Leo hakuna waraka wa gavana, lakini haja haijatoweka. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwamalizia wafugaji wa kaskazini mifugo mingi, na mfugaji asiye na mifugo hana la kungojea malishoni. Kule Vihiga hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Chukua baba mwenye ekari moja na wana watano, uwagawie. Mwana wa tano atalima nini, atajenga wapi, ataoa kwa mali gani? Apandapo gari kwenda Nairobi, na mwisho wa mwezi akatuma kwa simu karo ya mdogo wake, ni nani aliyemwona akizikimbilia taa?