Nchi ikibadili jina hubaki ileile, mwananchi je?

Binti mmoja niliyepata kumfundisha alinipigia simu alfajiri akiwa uwanja wa ndege. Ndege yake ilikuwa inaondoka, naye yuko nje ya lango. Hakuwa amechelewa, wala mzigo haukuzidi uzito. Tiketi yake, iliyokatwa na wafadhili wa masomo yake ya uzamili, ilikuwa na jina la mume wake, kwa sababu ndilo jina alilolisajili kihalali baada ya kufunga ndoa na ndilo lililoandikwa kwenye barua ya udahili. Pasipoti ilikuwa na jina la baba yake. Alitoa cheti cha ndoa, akatoa na hati ya kubadili jina yenye mhuri. Karani akavitazama, akavirudisha kwa heshima: "Dada, mimi nakuamini, lakini kompyuta hainiruhusu."

Tiketi ilipokuja kurekebishwa, tarehe ya mwisho ya kuripoti chuoni ilikuwa imepita. Chuo kilikubali kuahirisha nafasi yake, ila ufadhili haukuahirishika.

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki wameuliza swali moja: kwa nini hakubadili pasipoti mapema? Jibu ni kwamba alijaribu. Pasipoti mpya ilisubiri kitambulisho kirekebishwe, na marekebisho ya kitambulisho yalikuwa "yanashughulikiwa" kwa miezi kadhaa. Ofisi hii ilimtuma ile, ile ikamrudisha hii. Kila afisa aliyekutana naye alikuwa na haki ndani ya chumba chake. Aliyekosa haki ni yule aliyekuwa akitembea kwenye korido baina ya vyumba hivyo.

Tusimlaumu karani. Pasipoti za dunia nzima hufuata kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi, kila mmoja wenye nafasi 44, ambayo husomwa na mashine. Mashine haijui ndoa, talaka wala ubatizo. Hulinganisha herufi kwa herufi. Shirika la ndege linalompeleka abiria asiye na hati sahihi katika nchi nyingi hutozwa faini na kulazimika kumrudisha kwa gharama zake. Karani anayemkatalia abiria langoni anajilinda, na mwajiri wake amemfundisha kufanya hivyo. Basi tatizo haliko uwanjani. Uwanjani ndipo linapoonekana tu, likiwa limetengenezwa miezi mingi kabla katika ofisi zetu wenyewe.

Hebu tuzitazame. Katika Tanzania Bara, mtu mzima anayetaka kubadili jina huandaliwa hati na wakili, akaapa, kisha hati hiyo ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, aliye chini ya wizara ya ardhi. Jina la mtu, kwa maneno mengine, husajiliwa mlango mmoja na viwanja. Cheti cha kuzaliwa kiko RITA, chini ya wizara ya katiba na sheria. Kitambulisho kiko NIDA, na pasipoti iko Uhamiaji, zote chini ya wizara ya mambo ya ndani. Hizo ni ofisi nne katika wizara tatu. Kazi ya kuzijulisha kwamba Fulani wa jana ndiye Fulani wa leo ameachiwa Fulani mwenyewe, akiwa na bahasha ya nakala kwapani. Na bado hatujagusa benki, mwajiri, mfuko wa hifadhi ya jamii na vyeti vya shule.

Mzigo huu hauwaangukii watu wote sawasawa. Unawaangukia zaidi wanawake, kwa sababu wao ndio wanaotarajiwa kubadili jina wanapoolewa, na tena wanapoachika. Ajabu ni kwamba desturi zetu nyingi hazikudai hivyo. Huku pwani na Zanzibar, Fatma binti Salim huolewa akabaki binti Salim hadi kaburini. Nasaba haifutwi na ndoa. Nyumbani watu humwita Mama Asha au Mama Juma, na hakuna anayemwomba cheti. Mtindo wa mke kuandikwa kwa jina la mume tulirithi kwa sehemu kubwa kupitia kanisa na ofisi za kikoloni, nasi tukaukumbatia bila kurithi utaratibu wa kuuhudumia.

Wako na wengine: aliyelelewa na mjomba na kuandikishwa shule kwa jina la mjomba, aliyesilimu au kubatizwa ukubwani, na ambaye jina lake lilikosewa herufi moja na mwandikishaji mwenye haraka, akalibeba kosa hilo miaka 30. Kwa hawa wote kuna methali iliyo tayari midomoni mwetu: mwacha asili ni mtumwa. Lakini mara nyingi anayebadili jina haachi asili. Anairejea, baada ya karatasi kumpotosha.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kuna watu hubadili majina ili kukimbia madeni, kesi au mke waliyemtelekeza mkoa mwingine. Dola ina wajibu wa kujua nani anavuka mipaka yake. Nakubali. Lakini tujiulize ni utaratibu upi unaomfaa mdanganyifu: ule unaoandika jina la zamani na jipya mahali pamoja kwa namba moja, au huu wa sasa unaomwacha mtu awe na kitambulisho cha jina moja, pasipoti ya jina la pili na akaunti ya benki ya jina la tatu? Mlolongo mrefu haumzuii mwongo, maana mwongo ana fedha na subira. Humchosha mkweli, na pale anapochoka ndipo mlango wa "chochote" unapofunguka.

Nyenzo tunazo tayari. Namba ya Utambulisho wa Taifa ina tarakimu 20. Haibadiliki kwa ndoa wala talaka, na nyuma yake ziko alama za vidole. Mnamo Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama hizo zilianza kuzimwa, na tukaelewa kwamba serikali ikitaka kumtambua mtu kwa kidole chake, inaweza. Fomu ya pasipoti nayo hudai namba hiyohiyo. Ikiwa mwili ni uleule, kidole ni kilekile na namba ni ileile, kwa nini mabadiliko ya jina yaliyokwisha kusajiliwa kisheria yaombwe upya kila dirisha, kana kwamba dirisha la kwanza halikuwa la serikali?

Historia yetu wenyewe inatoa jibu ambalo nashangaa hatulitumii. Aprili 26, 1964, Tanganyika na Zanzibar ziliungana zikawa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Kabla mwaka haujaisha, nchi hiyo ilibadili tena jina, ikawa Tanzania. Umoja wa Mataifa ukaandika katika kumbukumbu zake kwamba tangu Novemba 1 mwaka huo mwanachama huyo anaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Bungeni ikapitishwa sheria ya kutangaza jina, na maisha yakaendelea. Hakuna mdai aliyeambiwa deni lake limekufa na jina la zamani. Hakuna balozi aliyerudishwa langoni kwa kuwa barua zake zilikuwa na jina la Aprili. Ulimwengu ulikubali jambo jepesi kulielewa: jina limebadilika, mwenye jina ni yuleyule. Wepesi huohuo dola iliyojipatia mwaka 1964, inaunyima mwananchi wake leo.

Wengine wamelitatua kwa njia zao. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1794 iliyozaliwa na Mapinduzi yao, jina la kisheria la raia ni lile la cheti chake cha kuzaliwa. Jina la ndoa ni jina la matumizi tu, na pasipoti yaweza kuonyesha yote mawili. Uingereza huweza kuandika kwenye pasipoti maelezo ya ziada kwamba mwenye hati hii anajulikana pia kwa jina fulani. Hakuna muujiza hapo, ni mstari mmoja wa wino.

Ninachopendekeza ni mambo matatu. Kwanza, hati ya kubadili jina ikishasajiliwa, Msajili aipeleke mwenyewe kwenye kanzidata ya vitambulisho, na ofisi nyingine zisome huko. Ukali wote wa uchunguzi uwekwe kwenye mlango huo mmoja: alama za vidole, kesi, madeni na tangazo kwa umma. Pili, jina la awali lisifutwe; libaki limefungamanishwa na namba, na mwenye kuhitaji apewe cheti kimoja rasmi, kwa Kiswahili na Kiingereza, kinachosema majina haya mawili ni mtu mmoja. Tatu, kila ofisi iandike ukutani idadi ya siku za kukamilisha marekebisho, na jina la cheo cha mtu wa kuulizwa zikipita. Hivi sasa kunazungumzwa sana Jamii Namba, itakayomfuata mtu tangu kuzaliwa. Kama namba hiyo haitaweza kubeba mabadiliko ya jina, tutakuwa tumeongeza dirisha jingine kwenye korido ileile.

Hadi hapo patakapotengemaa, nawaambia wanafunzi wangu jambo moja la kivitendo. Usikubali mtu akukatie tiketi au kukuombea viza kwa jina lisilo kwenye pasipoti uliyo nayo mkononi, hata kama jina hilo ni halali na unalipenda. Anza na hati, kisha kitambulisho, kisha pasipoti; viza na tiketi zije mwisho. Ukiwa bado hujakamilisha mlolongo huo na safari imekaribia, safiri kwa jina la zamani.

Nanyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, na najua mpo, safari ijayo mkipokea bahasha ya nakala kutoka kwa mtu anayeapa kwamba yeye ni yeye, kumbukeni kwamba ushahidi anaouleta umetoka kwenu. Binti yule sasa anafundisha sekondari. Pasipoti yenye jina jipya aliipata hatimaye, miezi minne baada ya ndege ile kuondoka. Haina muhuri hata mmoja.